Sampuli za Bi Mejumaa

Nilimjua mdudu yule kabla Bi Mejumaa hajamaliza kuhema. Ngazi za ofisi yetu ni ndefu, na alikuwa amezipanda bila kupumzika, mkononi ameshika karatasi ya shashi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na mdudu aliyepondeka, mguu huku, kichwa kule, na bawa moja zima limelala pembeni. Bawa lile lilinitosha. Mbu ana magamba madogo kwenye mishipa ya bawa na ukingoni mwake, na ukimponda huacha unga wa kijivu kidoleni. Hili lilikuwa tupu, halina gamba hata moja. Huyu alikuwa yule mdudu mdogo anayefanana na mbu kwa kila kitu, ila haumi.

Mdudu huyu hana jina hapa mjini. Mbu ana jina, usubi ana jina, hata kiroboto wa paka ana jina. Yeye huitwa mbu, hupuliziwa dawa kama mbu na kufa kifo cha mbu, na maisha yake yote hajamgusa mtu. Akishatoka majini huishi siku chache tu, wala hali kitu. Nimewaeleza watu mambo haya mpaka nimechoka. Hunisikiliza, kisha husema, "Ndiyo, lakini ni mbu."

Jina langu mimi ni Mwikali, na kazi yangu ni kutambua wadudu. Nilishuka Mombasa kutoka Kitui nikiwa na miaka ishirini na tisa, na sasa nina hamsini na tano. Zamani tulikuwa watu sita katika chumba hiki karibu na Liwatoni, na kelele zetu zilisikika hadi chini kwa wauza samaki. Kisha ikaja mashine huko bara: mdudu husagwa, hutiwa ndani, na jina lake hutoka. Wenzangu wakahamishwa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Griffins, aliyeondoka Februari akaniachia kiti chake na kalenda ya mwaka uliopita. Mimi wamenisahau humu, nasubiri kustaafu.

Nyumbani kwangu Ganjoni hali ni ile ile. Mwanangu Morgan yuko Nakuru; nikimwandikia ujumbe mrefu, hunijibu kwa picha ya kidole gumba. Ziko siku nimesema neno la kwanza jioni, dukani, nikasikia sauti yangu imekwaruza kwa kutotumiwa. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na hasira na kila mtu ambaye hakuwa mpweke.

Basi Alhamisi hiyo, tarehe nne Julai, akaja Bi Mejumaa. Mama wa makamo ya sitini na kitu, mnene kiasi, buibui lake limepigwa pasi likanyooka.

"Sabalkheri, mwanangu. Nimeambiwa hapa ndipo walipo wanaojua mbu."

"Sabalkheri, mama. Waliojua wote wamehamishwa. Nimebaki mimi."

"Basi wewe wanitosha," akasema. Akakitazama kiti cha Griffins, akakifuta vumbi kwa ncha ya leso, akakikalia. Tangu Februari hakuna mtu aliyekuwa amekikalia. "Nataka kujua kama huyu ni mbu. Kwangu Mji wa Kale jioni hujaa ukutani penye taa. Na nataka jibu kwa karatasi, ilopigwa muhuri."

"Karatasi ya nini, mama?"

"Ya kuniridhisha tu." Akazungusha macho chumbani. "Na wewe wakaa peke yako humu kutwa? Hata redio huna?"

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Fomu ilikuwa mbele yangu, muhuri kwenye droo. Dakika tano tu, na angeshuka zile ngazi na nisingemwona tena maishani. Sijui kwa nini swali la redio ndilo lililonimaliza. Miezi mitano hakuna mtu aliyeniuliza swali lolote linalonihusu mimi.

"Huyu amepondeka sana," nikasema. "Niletee mwingine, mzima. Alhamisi ijayo."

"Haya, mwanangu," akasema, bila hata kununa.

Alipoondoka nikafungua daftari. Mimi nina kasoro nyingi, lakini daftari langu halina uongo. Kila sampuli huandikwa siku ileile ilipofika, na jina la mdudu huandikwa kabla sijafunga ofisi. Nikaandika: tarehe 4 Julai, mdudu mmoja, nyumba ya Bi Mejumaa, Mji wa Kale. Si mbu. Haumi. Kisha nikaenda zangu nyumbani nikijiambia kwamba wiki moja haimdhuru mtu.

Alhamisi ya pili alikuja na mdudu mzima ndani ya kichupa cha mafuta ya halwaridi, chumba kizima kikanukia. Alileta na vibibi, vile vikate vya mchele, vya moto bado, vimefungwa kwa kitambaa. Nikachemsha chai. Nilimpeleka mdudu chini ya hadubini nikamtazama kama ndiyo mara yangu ya kwanza, maana Bi Mejumaa alikuwa ananitazama mimi. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Akitua ukutani huinua hiyo ya mbele, ilhali mbu huinua ya nyuma. Mtu mwenye macho mazuri anaweza kuwatenganisha akiwa amekaa kitandani. Mgongoni, kule nyuma ya mabawa, mna mfereji mwembamba unaokwenda chini, ambao mbu hana. Kila kitu kilikuwa pale, wazi kabisa.

"Ni jike huyu," nikasema. "Nahitaji na dume."

Ni kweli kwamba vitabuni wanasema dume hutambulika vizuri zaidi. Kila nilichomwomba mama yule kimo vitabuni, na hilo ndilo lililonipa kiburi cha kuendelea. Maneno yangu yalikuwa ya kweli. Nia yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, huku nikila vibibi vyake.

Tulizungumza. Aliniambia alikuwa mpishi wa shule huko Ganjoni miaka kumi na tisa, akipikia watoto mia tatu, na mpaka leo hawezi kupika chakula cha mtu mmoja kisibaki. Mumewe alikuwa amekufa. Kwao hasa ni Kwale, lakini aliolewa Mji wa Kale akiwa msichana na hakutoka tena. Zaidi ya hapo hakusema mengi, kwa kuwa maswali yote alikuwa anauliza yeye. Aliniuliza Kitui kukoje mvua isiponyesha. Aliniuliza Morgan anakula nini huko Nakuru na nani anamfulia. Aliniuliza kama miguu yangu inavimba jioni, akanieleza niiloweke kwenye maji ya chumvi. Nami nilijibu na kujibu, kama bomba lililofunguliwa. Haikunijia hata siku moja kumuuliza kama yeye ana mtoto.

Tarehe kumi na nane alileta dume. Dume ni kitu cha kupendeza, hilo siwezi kulikana. Zile papasi zake mbili za kichwani zina manyoya marefu yaliyotawanyika, na chini ya taa ya hadubini hung'aa.

"Wacha nami nimuone," akasema.

Nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Alichukua muda, akashusha pumzi, kisha akasema, "Mashaallah! Ana shungi, huyu!"

"Hayo manyoya ni ya kusikilizia majike," nikasema. "Lakini hata mbu dume anayo. Usihukumu kwa manyoya."

Alikaa pale akitazama, mgongo ameuinamisha, akizungusha kile kigurudumu kidogo kama nilivyomfundisha. Mtu aliyechambua mchele wa watoto mia tatu ana jicho, bwana. Baada ya kitambo akauliza, "Na mdomo wake uko wapi? Ule mrija wa kutudunga? Mimi siuoni."

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wa chuo walikuwa wakishindwa kuliuliza. Mbu ana mrija mrefu unaotokeza mbele ya kichwa, huwezi kuukosa. Huyu hana. Bi Mejumaa alikuwa amefika penyewe, kwa jicho lake mwenyewe, na kilichobaki ni mimi kusema: umeona sawa, mama, hana cha kukudunga.

"Mdomo ni mgumu kuuona," nikasema. "Unahitaji mazoea."

Akainua kichwa. "Haya. Wewe ndiye ujuaye."

Huu ulikuwa uongo mtupu, si wa nia tu. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu wiki hiyo, na bado Alhamisi iliyofuata niliamka mapema, nikapiga deki chumba, nikanunua kikombe cha pili.

Tarehe ishirini na tano alikuja na kikapu. Wakati anatoa chupa ya chai ya tangawizi niliona ndani yake pilipili manga nyingi, mafuta ya simsim na leso mpya, jozi mbili, bado zina karatasi ya duka. Nikamtania: "Mama, una harusi?"

"Ni vya nyumbani tu," akasema, akavifunika. Kisha akauliza kile alichokuwa anauliza kila wiki. "Na ile karatasi, mwanangu? Siku zenda mbio."

Niliyachukua kuwa maneno ya mtu mzima anayeona umri ukimpita. Nikamwambia kitu kimoja tu kimebaki: nahitaji kuona wanakozaliwa. Aniletee matope kutoka chini ya maji yoyote yaliyosimama nyumbani kwake.

Akaleta, tarehe mosi Agosti, kwenye gudulia la jemu. Alikuwa ameyachota chini ndani ya birika la uani, lile tangi la zamani la kujengwa ambalo hutumia maji yake kufulia. Ndani ya matope mlikuwa na viluwiluwi vyembamba, vyekundu kama uzi wa damu, vinajipinda. Aliliweka gudulia mezani na kurudi nyuma hatua moja.

"Wamekunywa damu, sivyo?" akauliza. "Ndiyo maana ni wekundu."

"La, mama. Wekundu huo ni wao wenyewe. Chini ya matope hewa ni kidogo, kwa hivyo wana damu ya kuihifadhi hewa."

"Damu ya nani?"

"Yao. Ya kuzaliwa nayo."

Nilijua haniamini. Hapo ndipo ningemaliza yote. Viluwiluwi vile vyekundu ni ushahidi ambao hata dereva wa gari la dawa anaujua. Lakini nilipofungua kinywa nikasikia nikisema kwamba lazima niwafuge kwenye chombo mpaka wapate mabawa waruke, ndipo nitie sahihi. Wiki moja tu. Hakunywa chai siku hiyo. Alijifunga buibui akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Alhamisi ya tarehe nane hakuja.

Saa nne nilichemsha chai, saa tano nikaimwaga. Saa sita nilikuwa nimesimama dirishani kama mjinga, nikitazama kila buibui lililopita chini kati ya wauza samaki. Ndipo aibu iliponishika vizuri. Nilijiona nilivyo: mwanamke wa miaka hamsini na tano aliyemfunga mama wa watu kwa kamba ya mdudu asiyeuma. Nikaketi nikajaza fomu. Sampuli ilipokelewa: 4 Julai. Ilitambuliwa lini? Hapo nikasita. Ningeweza kuandika tarehe ya leo na hakuna mtu ulimwenguni ambaye angejua. Lakini daftari lilikuwa limefunguliwa kando yangu, na mwandiko ni wangu. Nikaandika 4 Julai. Nikapiga muhuri, nikachukua tochi na vifaa, nikapanda tuktuk hadi Mji wa Kale.

Nyumba yake nilionyeshwa na muuza kahawa wa kwanza niliyemuuliza. Nikabisha hodi, akanifungulia mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakushangaa kuniona, alisema "Karibu, mwanangu," akanipandisha juu.

Chumba alichoniingiza kilikuwa kimepakwa chokaa upya. Palikuwa na kitanda kipana, na juu yake chandarua ambacho alikuwa ameshafungua pembe mbili ili kukiteremsha. Kulikuwa na beseni kubwa jipya, jiko la makaa dogo pembeni, zile leso mbili zimekunjwa juu ya mto. Na kando ya kitanda palikuwa na kitanda kingine, kidogo, cha mtoto mchanga.

Nimekaa pwani miaka ishirini na sita. Hata mimi nilijua nilichokuwa nakitazama.

"Nani amezaa, mama?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sikutaka kusema. Mtu hasemi mambo haya, jicho la husuda liko. Lakini sasa basi." Akanieleza kwamba anaye binti mmoja, Ummukulthum, ameolewa Likoni na kijana anayeitwa Chirau. Mwaka juzi Ummukulthum akiwa mja mzito alikuja kulala kwa mamake wiki mbili, akashikwa na homa ya dengi, ile ambayo wazee huiita kidingapopo, na mimba ikatoka. Safari hii Chirau akaapa kwamba mkewe hatalala usiku mmoja katika nyumba ile, wala hataletwa kukaa arobaini ya uzazi kwa mamake kama binti yeyote akaavyo, mpaka aletewe karatasi ya watu wa wadudu kwamba wale wa ukutani si mbu.

"Mtoto amezaliwa tarehe sita Julai," akasema. "Wa kike. Leo ni siku ya thelathini na nne. Mamake Chirau ndiye amkandaye mwanangu, ndiye ampikiaye uji wa pilipili manga. Mimi nenda Likoni, navuka feri, nakaa kwenye kiti cha wageni saa moja, naonyeshwa mtoto, narudi. Si ubaya, ni watu wazuri. Lakini ni mwanangu, Mwikali. Sina mwengine."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina.

"Mbona leo hukuja?" nikauliza.

"Nije kufanya nini? Niliona wale wekundu. Nikajua ndio walokunywa damu ya mtoto wangu na ya yule alotoka. Nikajua na wewe wajua, ila waniona huruma, waogopa kuniambia. Ndiyo maana kila wiki wanizungusha." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nikasema basi, nisikutese."

Mimi nisiteswe. Nilitamani sakafu ifunguke. Badala yake nikafanya kazi, kwa kuwa kazi ndiyo kitu pekee ninachokijua. Nikaikagua nyumba kutoka juu hadi chini. Nikapanda kwenye tangi la paani: limefunikwa. Nikamulika mitungi, sinia za maua, mifereji ya maji ya mvua, vyoo, nyuma ya makabati. Nikachota maji ya birika mara ishirini, na katika mara ishirini sikupata kiluwiluwi kimoja cha mbu. Ni wale wekundu tu, chini kwenye matope. Ilinichukua saa moja. Ningeweza kuifanya saa hiyo tarehe tano Julai, kabla hata mtoto hajazaliwa.

Nikarudi chumbani nikaongeza mistari miwili chini ya fomu, nikampa.

"Si mbu," nikasema. "Hawaumi. Hawana mdomo wa kuuma, ulivyoona wewe mwenyewe. Nyumba yako ni safi, mama."

Alisimama. Uso wake wote ukafunguka, akamshukuru Mungu kwa sauti, akanishika mabega kwa mikono yote miwili. Kisha akavaa miwani akaanza kuisoma karatasi, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Nilikiona kidole kikifika mahali penyewe na kusimama.

"Tarehe nne Julai," akasema. "Ilitambuliwa, tarehe nne Julai. Hiyo ni siku ya kwanza nilokuja."

"Ndiyo."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua kabla hujaketi."

Akavua miwani. Nje, chini barabarani, mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki bila kukoma. "Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno ndani ya tuktuk, kuhusu taratibu, kuhusu sampuli za kutosha. Yote yakanitoroka. "Nilitaka uje tena," nikasema. "Hakuna mtu anayekuja. Nilitaka tu uje tena."

Bi Mejumaa alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Hasira haikuwamo. Ningependa ingekuwamo.

"Si ungesema," akaniambia taratibu. "Ungesema, Mejumaa, ndoo tuzungumze. Ningekuja."

Akachukua simu yake, akaipiga picha karatasi, akamtumia Chirau. Yeye akaketi kitandani, mimi nikabaki nimesimama na tochi mkononi. Haikupita dakika, simu ikaita. Alizoea kuiweka kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, nami nikasikia yote.

"Mama, nimeisoma," Chirau alisema. Nyuma yake palikuwa na kilio cha mtoto mchanga, chembamba. "Alhamdulillahi. Lakini mama, mbona hii ni ya tarehe nne Julai? Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

Nikafungua mdomo. Bi Mejumaa akainua kiganja, akaniwekea mbele ya uso wangu, kama anavyozuiwa mtoto asivuke barabara.

"Nilichelewa kuifuata, mwanangu," akasema kwenye simu. "Makosa yangu."

Chirau akasema, na alikuwa anajizuia, mtu wa adabu, "Mama, Ummu amelia kila siku akikutaka. Mimi nikamwambia labda mamako hakuona haja."

"Nisamehe, baba. Mwambie na yeye anisamehe."

"Zimebaki siku sita, mama."

"Najua. Nazihesabu."

"Haya. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitamleta."

Simu ikakatika. Nilikuwa nalia, na nilimwambia apige tena, anipe mimi, nimweleze kijana kosa ni la nani. Akatikisa kichwa.

"Umweleze nini? Kuwa nilikaa nawe wiki tano tukala na kunywa, ukanifanyia hivi? Aibu hiyo yanifika na mimi. Wacha."

Akageuka, akapanda juu ya kigoda, akaanza kuzifunga upya zile pembe mbili za chandarua. Mikono yake ilikuwa mifupi, kamba haifiki msumarini. Nikasogea nimsaidie.

"La," akasema bila kunitazama. "Chumba cha mzazi hutengezwa na wenyewe."

Nikabaki pale katikati ya chumba, mrefu na sina kazi, mpaka alipomaliza. Kisha akashuka, akajifunga leso, akanisindikiza chini kama ilivyo desturi. Mlangoni akanipa mkono. Nilijua nikitoka nimetoka, na nikaomba waziwazi, kama nilivyopaswa kuomba tangu tarehe nne Julai.

"Mama, naomba nije kumwona mtoto."

Hakuwa mtu wa kumfukuza mtu mlangoni kwake.

"Akitimiza arobaini," akasema, "tutamsomea dua, na tutapika. Watu wote watakuja."

Akafunga mlango polepole. Nikasimama barazani, nikitaka kubisha hodi tena nimuulize kama katika hao watu wote mimi nimo, na sikuthubutu.